Ramani shirikishi kwenye tovuti: namna ya kuzitengeneza na dhamana ya kila nukta

Mwezi Desemba 2011, mvua kubwa ziliufurisha Mto Msimbazi na mikondo mingine ya maji inayokatiza jiji la Dar es Salaam. Watu wapatao 40 walipoteza maisha na maelfu wakaachwa bila makazi. Katika maafa ya aina hiyo kuna swali ambalo ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: waliozingirwa na maji wako wapi, na ni njia ipi bado inapitika kuwafikia? Mitaa iliyojengwa bila mpango ina vichochoro vingi visivyo na majina rasmi, na kwa miaka mingi haikuwa imechorwa kwa kina katika ramani ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzitazama.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Shule, redio ya jamii, kikundi cha vijana au ofisi ya kata inaweza leo kuweka kwenye tovuti yake ramani ambayo msomaji anaivuta karibu kwa vidole viwili, anaigusa na kupata maelezo. Vifaa vingi vya kazi hiyo havina malipo, na baadhi yake havihitaji ujuzi wa kuandika programu. Kwa hiyo ugumu umehama. Zamani ulikuwa katika kuichora ramani. Sasa umo katika kuhakikisha kuwa kila nukta iliyowekwa juu yake ni ya kweli, imewekwa mahali pake, na haimweki mtu yeyote hatarini. Makala hii inaeleza jinsi ramani hizo zinavyofanya kazi, hatua za kuzitengeneza na kuzirekebisha, na mafunzo yanayotoka Kenya na Tanzania.

Ramani shirikishi ni nini?

Ramani iliyochapishwa kitabuni humwonyesha kila msomaji picha ileile. Ramani shirikishi humwitikia anayeitumia: huikuza, huisogeza, huchagua taarifa za kuonyesha na za kuficha, na hugusa alama ili kusoma kilichoandikwa nyuma yake.

Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ramani ya msingi, yaani barabara, mito, mipaka na majina ya mahali. Mara nyingi msingi huo hukatwa katika vipande vya mraba vinavyoitwa vigae, na kipimo kilichozoeleka cha kigae kimoja ni nukta 256 kwa 256 za skrini. Dunia nzima, ikitazamwa kwa mbali kabisa, hutosha katika kigae kimoja. Kila hatua moja ya kuvuta karibu huzidisha idadi ya vigae mara nne, hivyo katika hatua ya kumi hufika zaidi ya milioni moja. Simu ya msomaji huomba vile tu vinavyohitajika kuijaza skrini yake, ndiyo maana ramani inaweza kufunguka hata penye mtandao hafifu.

Sehemu ya pili ni tabaka la taarifa unazoongeza mwenyewe. Taarifa hizo huwa za namna tatu: nukta, kama zahanati au kisima, mstari, kama barabara au mtaro, na eneo, kama kata au bonde linalofurika. Sehemu ya tatu ni mwitikio, yaani kisanduku cha maelezo kinachofunguka mtu akigusa alama, kitufe cha kutafuta, na orodha ya matabaka ya kuwasha au kuzima.

Kutoka London hadi Kibera

Wazo la kuweka taarifa juu ya ramani ili kuokoa maisha lilikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1854 daktari John Snow alichora vifo vya kipindupindu katika mtaa wa Soho jijini London, akaonyesha kuwa vilikusanyika kuzunguka pampu moja ya maji katika barabara ya Broad Street. Ramani yake ilisaidia kuthibitisha kuwa ugonjwa huo ulienezwa na maji, wakati ambapo wengi waliamini kuwa unaletwa na hewa chafu.

Kwenye intaneti, mwaka 2004 ulianzishwa nchini Uingereza mradi wa OpenStreetMap, ambao ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia kwa masharti mepesi. Google Maps ilifuata mwaka 2005. Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mwishoni mwa Desemba 2007, baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya, ghasia zilizuka na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mapema Januari 2008 kikundi cha Wakenya na marafiki zao kilianzisha jukwaa la Ushahidi, ambalo lilipokea habari kutoka kwa wananchi, zikiwamo zilizotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, na kuziweka kwenye ramani. Ghasia hizo ziliua zaidi ya watu 1,100. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010.

Mwaka 2009, katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, vijana wenyeji walitembea na vipokezi vya GPS wakirekodi vyoo, vituo vya maji, shule na zahanati. Kabla ya kazi hiyo, iliyojulikana kwa jina la Map Kibera, mtaa wenye wakazi wengi namna ile ulionekana kwenye ramani za hadharani kama doa tupu. Nchini Tanzania, mwaka 2011 wakazi na wanafunzi wa chuo walichora kata ya Tandale. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowaunganisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wananchi wa mitaa, kuchora majengo, njia, mitaro na mikondo ya maji katika maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Kazi ya watu hao iliingizwa katika OpenStreetMap, na ni sehemu ya msingi ambao mtengenezaji wa ramani anaupata leo bila kulipa hata senti moja.

Hatua ya kwanza: swali kabla ya kifaa

Chukua mfano wa redio ya jamii inayotaka kuonyesha, kabla ya mvua za masika, majengo yanayoweza kuwapokea watu waliohamishwa na maji. Kabla ya kufungua kompyuta, wahusika wajiulize: msomaji wetu anataka kujua nini, na atafanya nini baada ya kujua? Jibu hapa ni kwamba anatafuta jengo la karibu lililo wazi na njia ya kulifikia. Kwa hiyo ramani inahitaji majengo, njia na maeneo yanayofurika. Haihitaji benki, hoteli wala viwanja vya mpira. Ramani iliyojaa kila kitu humchosha mtu mwenye haraka, na wakati wa mafuriko kila mtu ana haraka.

Baada ya hapo huandaliwa jedwali la kawaida, mstari mmoja kwa kila mahali. Safu zake ziwe chache na zenye maana: jina la jengo, aina yake, idadi ya watu linaoweza kuwachukua, namba ya simu ya ofisi inayolisimamia, nani aliyethibitisha taarifa hizo na tarehe aliyozithibitisha. Safu hizo mbili za mwisho mara nyingi husahauliwa, ingawa ndizo zinazoipa ramani uaminifu wake.

Hatua ya pili: mahali pawe pale hasa

Kila mahali duniani hutajwa kwa namba mbili. Latitudo hueleza umbali wa kaskazini au kusini mwa ikweta. Longitudo hueleza umbali wa mashariki au magharibi mwa mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Kusini mwa ikweta, latitudo huandikwa kwa alama ya kutoa. Kwa mfano, katikati ya Dar es Salaam ni karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28.

Makosa mawili hujirudia mno. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa: ukiandika 6.8 badala ya -6.8, Dar es Salaam itahamia milimani, kusini mwa Ethiopia. La pili ni kugeuza mpangilio wa namba. Baadhi ya programu hutaka latitudo itangulie, ilhali faili za aina ya GeoJSON, ambazo hutumika sana kubeba taarifa za ramani, huanza na longitudo. Ukizibadilisha namba za Dar es Salaam, nukta yako itatua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Na mahali palipoachwa bila namba, programu nyingine husoma sifuri mbili na kupapeleka baharini, katika Ghuba ya Guinea.

Makosa ya namna hiyo huonekana kwa jicho. La hatari zaidi ni dogo: nukta iliyosogea mita 300 na kuangukia ng'ambo ya pili ya mto. Hilo haligunduliki mezani. Dawa yake ni mtu kufika mahali penyewe na simu yake, au mwenyeji kuonyeshwa ramani na kuulizwa kama ndivyo ilivyo.

Hatua ya tatu: kuchagua kifaa

Kwa asiyeandika programu, zipo huduma kama Google My Maps na uMap. Huduma hizi hupokea jedwali lako, hukuwezesha kuchagua rangi na alama, kisha hukupa kipande kifupi cha msimbo cha kunakili na kubandika katika ukurasa wa tovuti. uMap hutumia ramani ya OpenStreetMap.

Kwa mwenye ujuzi kidogo wa kutengeneza kurasa za tovuti, maktaba ya programu iitwayo Leaflet imekuwa chaguo la wengi. Iliandikwa na Volodymyr Agafonkin, mtaalamu kutoka Ukraine, na ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Ni programu huria, na uzito wake ni takriban kilobaiti 42, jambo lenye maana kwa msomaji anayenunua data kwa vifurushi vidogo. Mistari michache ya msimbo hutosha kuonyesha ramani, kuweka nukta na kufungua kisanduku cha maelezo.

Masharti yasomwe mapema. Tangu mwaka 2018 tovuti inayotumia moja kwa moja mfumo wa Google Maps huhitaji ufunguo maalumu na akaunti ya malipo, na matumizi yakivuka kiwango fulani hulipiwa. OpenStreetMap haitozi chochote kwa taarifa zake, ila ni lazima ramani ioneshe tamko la kuwatambua wachangiaji wake. Aidha, seva zake za vigae huendeshwa kwa michango, hivyo tovuti yenye wageni wengi inatakiwa kutafuta chanzo kingine cha vigae.

Hatua ya nne: kuirekebisha iwafae wasomaji

Ramani inayofunguka ikionyesha dunia nzima humlazimisha msomaji aanze safari asiyoihitaji. Ipangwe ifungukie eneo linalohusika, katika ukaribu unaoonyesha nukta zote kwa mtazamo mmoja. Nukta zikisongamana, Leaflet ina kiongezo kinachozikusanya katika duara moja lenye namba, na duara hilo hupasuka mtu anapovuta karibu.

Rangi pekee zisibebe maana yote, kwa sababu takriban mwanamume mmoja kati ya kumi na wawili wenye asili ya Ulaya, na idadi ndogo zaidi kwingineko, hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. Jengo lililo wazi na lililojaa yatofautishwe pia kwa umbo la alama au kwa neno.

Ramani za maeneo yaliyopakwa rangi zina mtego wake. Kaunti ya Marsabit nchini Kenya ina ukubwa wa kilomita za mraba zinazokaribia 70,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 459,785 ndani yake. Nairobi ina kilomita za mraba zisizozidi 700 na watu wapatao milioni 4.4. Ukizipaka rangi kwa idadi tupu ya wagonjwa, jicho litavutwa na ukubwa wa ardhi badala ya wingi wa watu. Inafaa kuonyesha uwiano, kwa mfano wagonjwa kwa kila watu 100,000. Vivyo hivyo kwa ramani ya dunia: mchoro unaotumiwa na ramani nyingi za intaneti unatokana na ule wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, ambao hukuza maeneo yaliyo mbali na ikweta. Humo Greenland huonekana kukaribiana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara kumi na nne.

Majina na mipaka nayo si mambo ya mapambo. Ziwa ambalo Watanzania huliita Nyasa, Wamalawi huliita Malawi. Tanzania inashikilia kuwa mpaka unapita katikati ya maji. Malawi inadai sehemu yote hiyo ya ziwa hadi ufukwe wa Tanzania, kwa kutegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Anayechora mstari mmoja bila maelezo amekwishachagua upande, hata kama hakukusudia. Ni busara kutumia mstari wa vidoto na kuandika kuwa mpaka huo una mgogoro. Kuhusu lugha, OpenStreetMap huweza kuhifadhi jina la mahali katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na mtengenezaji anaweza kuchagua msingi unaoonyesha majina ambayo wasomaji wake wanayatambua.

Mwisho, chini ya ramani pawekwe orodha ya maandishi yenye taarifa zilezile. Mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, mwenye simu ya zamani, na mtangazaji anayetaka kuzisoma taarifa hizo hewani, wote watahudumiwa na orodha hiyo hata ramani isipofunguka.

Kile kisichopaswa kuonyeshwa

Ramani ya ghasia inaweza kuwaonya wananchi waiepuke barabara fulani. Ramani hiyohiyo inaweza kumwonyesha mshambuliaji ni nyumba gani iliyotoa taarifa. Kwa sababu hiyo makazi ya mashahidi, wagonjwa, na wanawake waliokimbia ukatili majumbani hayawekwi kwenye ramani ya hadharani hata kwa nia njema.

Ipo njia ya kupunguza usahihi pale taarifa ya jumla inapotosha. Tarakimu moja baada ya nukta ya desimali huonyesha mahali kwa usahihi wa kilomita 11 hivi. Mbili, kilomita 1.1, tatu, mita 110, nne, mita 11. Kituo cha afya kistahili tarakimu nne au zaidi, lakini tukio la unyanyasaji litajwe kwa kata au wilaya tu.

Wengi hudhani kwamba taarifa isiyoonekana katika kisanduku cha maelezo ni siri. Sivyo. Faili nzima ya taarifa kwa kawaida hupakuliwa katika kivinjari cha kila anayeifungua ramani, na mwenye ujuzi mdogo anaweza kuisoma yote. Jina au namba ya simu isiyotakiwa kuonekana ifutwe katika faili yenyewe kabla ya kuchapishwa. Jambo hili lina uzito wa kisheria pia: Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022.

Ramani isiyotunzwa

Siku ya uzinduzi ramani huwa na marafiki wengi. Mtihani wake huja mwaka wa pili, pale shule iliyoorodheshwa kuwa kimbilio imefungwa kwa ukarabati, daraja limechukuliwa na maji, na aliyeijua nywila ya akaunti amehamia kazi nyingine. Tovuti huendelea kuionyesha ramani kwa rangi zilezile nzuri, na msomaji hana namna ya kutambua kuwa imepitwa na wakati.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, wahusika wapange mambo matatu: nani atakayeihakiki, kila baada ya muda gani, na msomaji atatoa taarifa ya kosa kwa njia ipi. Tarehe ya uhakiki wa mwisho iandikwe juu ya ramani yenyewe, kwa herufi zinazosomeka. Kwa ramani ya mafuriko, uhakiki ufanyike angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Ikiwa hakuna wa kuitunza, ni afadhali iondolewe. Mtu anayetafuta pa kujisitiri usiku, na maji yamekwisha kufika magotini, akifuata nukta ya mwaka juzi anaweza kuishia mbele ya lango lililofungwa.